Santuri, Kanda na Kupakua: Jina la Mwimbaji Limo Wapi?

Wimbo ukisha kuimbwa huchukuliwa na upepo. Kwa karne nyingi hapakuwa na sanduku la kuuwekea isipokuwa kifua cha mtu: aliyeusikia aliushika na kumfundisha mwenziwe, na jina la mtunzi likafuatana na wimbo au likasahauliwa njiani. Katika muda upatao miaka mia moja tumepata hazina tatu mpya, yaani santuri, kanda, na sasa kupakua kwa njia ya intaneti. Kila moja imesifiwa kwa kuufikisha wimbo mbali zaidi. Makala haya yanauliza jambo jingine: je, kila chombo kimehifadhi sauti peke yake, au pia jina na haki ya mwenye sauti?

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, alivuka bahari kwenda Bombay pamoja na wenziwe kurekodi nyimbo za Kiswahili. Sahani ya santuri ya siku hizo ilikuwa nzito, yenye kuvunjika upesi, na kila upande ulichukua muda wa dakika tatu hivi. Taarabu iliyozoea kwenda usiku kucha ililazimika kukatwa ili ienee humo. Hiyo ilikuwa hasara. Lakini katikati ya sahani palibandikwa karatasi yenye jina la mwimbaji, na mnunuzi aliyeichukua sokoni alichukua jina hilo pamoja na sauti. Ni kweli kwamba santuri haikuwa mali ya kila mtu. Hata hivyo, aliyeketi mgahawani kuisikiliza pasipo kulipa aliweza kuambiwa ni nani aliyeimba.

Baada ya uhuru, muziki wa dansi ulistawi mijini. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zao zikasikika nchi nzima. Lakini waliotaka santuri walisafiri hadi Nairobi, kulikokuwa na studio na kiwanda cha kuzitengeneza. Hiyo ndiyo njia aliyoifuata Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979. Redio ilikuwa na sifa moja kubwa: mtangazaji alitaja jina la bendi na la wimbo.

Kanda ndogo, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilileta mageuzi mengine. Kwa mara ya kwanza msikilizaji akawa mrekodi. Aliweza kunasa wimbo kutoka redioni, au kumpelekea mwenye duka kanda tupu na kuirudisha nyumbani imejaa. Kanda za video nazo zilifanya kazi hiyo kwa filamu, hasa Tanzania Bara, ambako televisheni ilianza mwaka 1994 tu. Kanda ilikuwa rahisi, na iliingia hata katika nyumba ambazo hazikupata kuwa na santuri. Lakini juu yake paliandikwa kwa kalamu neno moja au mawili, na pengine hapakuandikwa kitu. Kanda iliponakiliwa mara ya tatu na ya nne, sauti ilififia; jina lilikuwa limekwisha potea kabla yake.

Sheria haikukosekana. Tanzania ilipata sheria ya hakimiliki mwaka 1966, na nyingine mwaka 1999, ambayo kwayo COSOTA iliundwa. Tena mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa juu ya kazi za muziki na filamu, ili nakala halali ipambanuke na ya wizi. Lakini stempu huhitaji mahali pa kubandikwa. Wimbo unaopakuliwa hauna jalada wala sahani. Hupita kutoka simu hadi simu kama salamu.

Tusiidharau njia hii. Kijana aliyezaliwa juzi aweza leo kusikia bendi alizozicheza babu yake, na Mswahili aliyeko Muscat au London aweza kutazama onyesho la taarabu bila ya kupanda ndege. Tena nakala ya mia haififii kuliko ya kwanza. Wako pia wanaolipia nyimbo kwa simu, na malipo hayo yaweza kumfikia msanii. Kasoro ni kwamba nakala nyingi huzagaa bila ya jina la mtunzi, mwaka wala mahali ziliporekodiwa. Sauti imebaki safi kabisa, na mwenyewe hajulikani. Asiyejulikana hawezi kulipwa, wala hawezi kuingia katika historia.

Kwa hiyo haitupasi kurejea kwenye santuri kana kwamba zamani hapakuwa na dhuluma. Linalotupasa ni kuirudisha ile karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani. Mwalimu aweza kuanza darasani: kila mwanafunzi alete wimbo mmoja wa zamani alio nao katika simu ya nyumbani, kisha aulize wazee ni nani aliyeutunga, nani aliuimba, wapi na lini, aandike majibu na kuyahifadhi. Kazi hiyo ni ndogo, lakini wazee wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nyimbo zetu ni mali. Daftari lake bado halijajazwa.