Njia ya Pembe na Ratiba ya Mvua

Historia tuliyofundishwa shuleni Tabora iliieleza njia ya misafara kwa majina ya watu: Tippu Tip, Mirambo, Burton, Stanley. Mimi nimekula mshahara wa misitu hadi kustaafu, nikihamishwa kituo hadi kituo kandokando ya Reli ya Kati, na kwa mazoea ya kazi naisoma njia ile kwa majina mengine: mnazi, mbuyu, mtundu, mchikichi. Reli yenyewe, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa nyayo za wapagazi. Abiria wa leo akikaa dirishani anaziona nchi nne au tano zisizofanana, na nyingine zinampita usiku amelala. Mpagazi alizipita kwa miguu, miezi mitatu au minne, na frasila mbili begani, yaani kilo 32 hivi.

Bei ya pembe za ndovu walizobeba iliamuliwa mbali, Unguja na Bombay, na hata Connecticut kule Marekani walikotengeneza vibonye vya piano. Lakini siku ya kuondoka, mahali pa kulala, gharama za njiani na nani akubali kubeba, hayo yote yaliamuliwa na mvua. Tajiri asiyelijua hilo alilijua kabla ya kuvuka milima ya Usagara.

Anzia Bagamoyo. Pwani jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka na mvua hulifuata, ndiyo maana kuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka. Mnazi unaipenda hali hiyo, na mwenye mnazi ana makuti ya kuezekea. Burton na mwenzake Speke waliondoka pwani Juni 1857, masika yamekwisha, wakaingia Kaze, Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Stanley mwaka 1871 alikuwa na haraka. Akaanza safari Machi, mawingu yakiwa tayari yamefunga. Farasi wake wawili walikufa hata milima hajaigusa, na bonde la Makata likamgeukia bwawa ambalo watu walilivuka maji yakiwafika kiunoni. Wasomaji wa Ulaya walikisoma kisa kile kama ushujaa. Mnyamwezi yeyote angekiita kutojua mwezi.

Baada ya Makata njia hupanda milimani, na hapo hewa hubadilika ghafla. Upepo utokao baharini hukutana na Uluguru na Usagara, hulazimika kupanda, hupoa, humwaga maji yake. Upande wa Uluguru unaotazama bahari kuna mahali hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo ukishuka upande wa pili hauna kitu. Dodoma hupata kama milimita 600, karibu zote zikianguka kati ya Desemba na Aprili, kisha ni vumbi hadi mwaka uishe. Makuti hakuna, na hayahitajiki. Kuanzia Mpwapwa msafara uliona tembe, nyumba yenye paa bapa la fito na udongo. Paa la namna hiyo likijengwa Bagamoyo, masika moja lingemwangukia mwenyewe. Mimi nikifika kijiji nisichokijua hutazama paa kwanza, kisha ndipo naulizia mvua.

Nchi hiyo kavu ndiyo Ugogo, na ndiko wasafiri walikolalamika kuliko kwingine kokote, kwa sababu ya hongo. Kila mtemi alidai chake: doti za merikani, kaniki, shanga. Vitabu vya wasafiri huwaita watemi wale wanyang'anyi, na baadhi ya walimu wetu wakarudia hivyo hivyo. Sikubaliani. Msafara wa watu mia tano ukiingia Septemba kwenye kijiji chenye visima viwili vilivyochimbwa katika mchanga wa korongo, unakunywa maji ya ng'ombe wa watu na kula akiba ya uwele na mtama ambayo haitarudishwa hadi mavuno ya mwaka ujao. Hongo ilikuwa bei ya maji. Ilikuwa kali kwa kuwa maji yalikuwa machache.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo hadi Kongwa, maana nchi ni ileile. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, katika mpango uliolenga ekari zaidi ya milioni tatu. Walidhani mvua ya kutosha ndiyo kawaida. Mibuyu iliwasumbua kung'oa, udongo ulikauka ukawa kama sakafu na kula majembe ya mashine, mvua ikakosekana. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, zaidi ya paundi milioni 30 zimekwenda. Sehemu ya ardhi ile ikaja kuwa ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya hapo bila ruzuku ya mtu. Mbuyu ni mti unaoweka maji tumboni. Mahali ulipojaa, mti umekwisha kukuambia maji hayatoshi.

Magharibi mwa Ugogo kulikuwa na Mgunda Mkali, na leo treni hukatiza hapo karibu na Itigi. Ni kichaka kilichosongamana, urefu wa mita tatu hadi tano, mimea imeshikana hata mbwa hutafuta njia. Kiangazi majani yote hudondoka, kivuli hakuna, maji hakuna. Wapagazi walipita kwa mwendo mrefu wa mchana na usiku, na mizigo mingi ilitupwa humo pamoja na waliokuwa wameibeba.

Kisha miombo. Hapa nitakawia, kwa sababu ni kwetu na kwa sababu waandishi wengi wamepita wakiuona msitu ule kama mahali patupu pa kuvuka. Umetapakaa kutoka Tabora hadi Angola na Msumbiji, katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi cha miezi mitano au sita. Mti wa miombo una tabia ya ajabu: mtundu hauingoji mvua. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa ngumu na moshi wa moto wa nyika bado unaning'inia, huchipua majani mapya mekundu, ya rangi ya shaba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Mizizi yake inafuata unyevu wa chini kabisa. Wazee wetu walitumia rangi hiyo kujua kwamba majembe yatolewe.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri ya biashara nzima. Mnyamwezi alikuwa mkulima mwenye miezi mitupu. Alivuna, akahifadhi nafaka katika kilindo cha magome ya mti, akashika njia ya pwani Mei au Juni, akarudi kabla mashamba hayajamhitaji. Tajiri aliyetaka wapagazi Tabora mwezi wa Desemba alikuta vijiji vimeinama kulima, na fedha yake haikuwainua. Miezi ya kiangazi walipatikana kwa maelfu, watu huru wanaopatana ujira na wanaoweka mizigo chini wakipunjwa.

Kwa nini wabebe watu na si wanyama? Jibu ni mbung'o, anayestawi katika kivuli cha miombo na kueneza ugonjwa unaoua farasi na ng'ombe. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijaribu njia nyingine: ndovu wanne kutoka India waliteremshwa Msasani pamoja na watunzaji wao, waende hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Hawakudumu. Pembe za ndovu zikaendelea kusafiri kwenye mabega ya binadamu.

Zaidi ya Tabora, Uvinza ilipika chumvi kutoka chemchemi zake, nayo pia ilikuwa kazi ya kiangazi, kwani masika mto hufurika juu ya chemchemi. Ujiji msafiri aliona tena mti jamii ya mnazi, lakini huu ni mchikichi, wa mawese. Mti huo ni wa Afrika ya magharibi, na kuuona pale kulimwambia kwamba mgongo wake sasa umeelekea Bahari ya Hindi kweli kweli.

Ng'ambo ya ziwa ni Manyema. Waswahili walipanda mpunga Nyangwe na Kasongo, ukakubali vizuri. Lakini kaskazini ya hapo msitu hufunga. Novemba 1876 Tippu Tip alianza kumsindikiza Stanley kutoka Nyangwe, na wiki chache zilitosha kumchosha mtu aliyekuwa amezunguka nusu ya bara: giza mchana, umande unaodondoka kama mvua, mwendo wa kilomita chache kwa siku. Alirudi. Stanley akaendelea kwa mitumbwi, kwani njia pekee pale ni mto.

Ule msitu hauna kiangazi cha kutegemea. Mvua hunyesha karibu kila mwezi. Kwa hiyo hakuna msimu ambao wakulima wanakaa bure wakitafuta ujira. Watumwa walipita pia njia ya Bagamoyo, hilo halifichiki. Lakini Manyema pembe zilibebwa zaidi na mateka, baada ya vijiji kuchomwa, kuliko na watu walioajiriwa. Wanahistoria hutaja bunduki na tamaa, nami siwapingi. Naongeza tu kwamba mfumo wa ujira ulioijenga Tabora ulikuwa zao la miezi sita ya ukame, na wafanyabiashara walipoupita mpaka wa ukame huo waliendelea kutaka wapagazi walewale, katika nchi ambayo kalenda yake haikuwahi kuwaachia watu nafasi ya kwenda.