Kibuyu na Waya: Sauti ya Wahehe Ndani ya Kompyuta

Wahehe wana ala ya nyuzi iitwayo ligombo: ubao uliochongwa mfano wa kihori, nyuzi zikapitishwa juu yake, kisha kikafungwa kibuyu. Kibuyu hicho hakiongezi nguvu hata chembe. Hupokea mtikisiko wa uzi na kuutawanya hewani, ambako uzi peke yake usingesikika. Nguvu yote ni ya kidole cha mpigaji.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake, akarekodi nyimbo za makabila mengi, Wahehe wakiwamo. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, kanda zikahifadhiwa humo. Mwaka huohuo, tarehe 19 Juni, fuvu la Mtwa Mkwawa lilirejeshwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa, ambako ngome yake ilibomolewa kwa mizinga ya Wajerumani mwaka 1894. Fuvu lilirudi kwao; sauti zikabaki ugenini.

Leo rekodi za namna hiyo twaweza kuzisikiliza kwa kompyuta. Lakini spika ndogo za kompyuta hazimudu sauti nene, na kwa hiyo kinachopotea kwanza ni mvumo wa kibuyu. Hapo ndipo fundi wa redio anapohitajika.

Ufundi wenyewe una historia. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. (Sisi wa Unguja tulitangulia kwa miaka ishirini, na twajivunia hilo kupita kiasi.) Mashine iliyobaki mikononi mwa watu ilikuwa redio, na redio haikutupwa: ilifunguliwa, ikalehemiwa, ikafufuliwa. Kompyuta ziliporuhusiwa, mafundi walikuwa tayari na vidole vilivyozoea.

Amplifaya ya mabaki haihitaji mengi. Kutoka spika mbovu za kompyuta hung'olewa kidude cheusi chenye miguu mitano, aghalabu kimeandikwa TDA2030. Hufungwa kwenye kipande cha aluminiamu, maana huchemka. Kapasita na rezista hutoka kwenye redio iliyokufa. Umeme wa volti 12 hutoka kwenye pawasaplai ya kompyuta kuukuu, waya wa njano na mweusi. Spika ni ya gari. Wimbo huingia kwa waya uliochomekwa kwenye tundu la hedifoni.

Kamusi zimetupa "kipaza sauti", nasi tumekibebesha neno hilo kile cha kusemea na kile cha kusikilizia pia. Mafundi husema amplifaya, nami kama mfasiri nawaunga mkono, kwani kazi yake ni nyingine: huchukua mtikisiko mdogo wa umeme na kuutumia kutawala umeme mwingi zaidi. Wala haichagui. Hukuza uzi, hukuza na mchakacho wa santuri. Waya wa ardhi ukilegea, huleta mngurumo wake wenyewe ndani ya wimbo.

Tena spika ikiachwa wazi mezani, hewa inayosukumwa mbele huzunguka nyuma na kuua sauti nene. Yapasa itiwe kwenye kasha la mbao, au chungu, au, kwa mwenye nalo, buyu kubwa lililokatwa mdomo kwa kipimo cha spika.