Hesabu ya Watu: Kutoka Nyarugenge hadi Niboye

Rwanda ilipojipatia uhuru mwaka 1962, Kigali, mji ulioasisiwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, ulikuwa na wakazi wapatao 6,000 tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,745,555.

Niboye imo katika wilaya ya Kicukiro. Wilaya hiyo ilikuwa na watu 318,564 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye walikuwa 491,731, ongezeko la asilimia 54. Nyarugenge, kitovu cha mji wa kale, iliongezeka kwa asilimia 32, na nchi nzima kwa asilimia 26. Ni dhahiri basi kwamba uzazi pekee haukuijaza Kicukiro; watu wamehamia.

Wala hesabu hiyo si kazi ya makarani peke yao. Katika miaka ya 1930 wakoloni wa Kibelgiji walianza kutoa vitambulisho vyenye kabila la mtu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyoamua katika vizuizi vya barabarani nani apite na nani afe. Hapo hapo Kicukiro, tarehe 11 Aprili, askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ETO, wakawaacha wakimbizi zaidi ya 2,000. Wengi wao waliuawa siku ile ile.

Sensa ya mwaka 1991 ilikuwa imeuliza kabila. Ile ya mwaka 2002 haikuuliza.