Padre wa Kijijini na Namba Tasa

Wasomaji wetu wajua kwamba mayai 12 yaweza kupangwa mafungu sawasawa: mawili mawili, matatu matatu, manne manne, au sita sita. Lakini mayai 13 hayakubali. Ama yawe fungu moja, ama kila yai likae peke yake. Namba ya namna hii huitwa tasa, maana haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba ndogo hupimwa upesi. Bali ikiwa kubwa, kazi yake huwachosha hata wenye elimu.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, jina lake Marin Mersenne, aliandika juu ya namba zipatikanazo hivi: twaanza na 1, twairudufu mara kadha wa kadha, kisha twaondoa 1. Tukirudufu mara 3 twapata 8. Tukiondoa 1 yabaki 7, nayo ni tasa. Tukirudufu mara 11 twapata 2,048. Tukiondoa 1 yabaki 2,047, nayo si tasa, kwani ni 23 mara 89. Mersenne akataja ni marudufu mangapi yazaayo namba tasa, hata kufika 257. Katika orodha yake 67 imo, 61 haimo. Naye alikuwa mtu wa sifa, akiandikiana barua na wataalamu wengi wa Ulaya. Basi orodha yake ikakaa miaka mingi.

Hata mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akaonyesha kwamba namba ya 67 si tasa. Kisha mwaka 1883 Ivan Pervushin, padre wa kijijini katika nchi ya Urusi, akapeleka habari kwa wataalamu wa Saint Petersburg kwamba namba ya 61, aliyoiacha Mersenne, ni tasa. Ndiyo hii: 2,305,843,009,213,693,951. Siku zile ilijulikana namba tasa moja tu iliyo kubwa kuliko hiyo. Kompyuta hazikuwako, na katika hesabu ndefu kama ile, tarakimu moja ikikosewa kazi yote imeharibika. Wengine wakaihesabu tena, wakaikuta kweli.

Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akamaliza shauri la 67: alionyesha kwamba namba ile ni 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Mersenne hatumdharau. Yeye ndiye aliyefungua njia, na namba hizi zaitwa kwa jina lake hata leo. Lakini sifa ya mtu haikuifanya 67 kuwa kweli, wala ukimya wake haukuifanya 61 kuwa uongo. Padre wa shamba, mbali na miji mikuu, alisahihisha orodha ya mtu mkuu kwa subira na hesabu safi. Basi sisi walimu, mtoto akituuliza darasani, “Mwalimu, umejuaje?” tusimkaripie. Tuchukue chaki, tuhesabu pamoja naye.