Siku 60: Jinsi Madaktari Walivyofundishwa Kuangalia Nepi

Hebu fikiria mtoto wa wiki tatu. Ananyonya vizuri, uzito unapanda, ila macho yake bado ni ya manjano. Ukiuliza mtaani utaambiwa, "Mtoe jua la asubuhi, itaisha." Na mara nyingi inaisha kweli. Sasa daktari anamjuaje yule mtoto ambaye manjano yake hayataisha?

Kuna ugonjwa ambapo mirija inayotoa nyongo kwenye ini inaziba. Nyongo inarudi nyuma, inakwama, ini linaanza kupata makovu. Kitaalamu unaitwa atresia ya mirija ya nyongo. John Thomson, daktari wa Edinburgh, aliueleza kwa kina mwanzoni mwa miaka ya 1890. Lakini kuueleza ni jambo moja, kuutibu ni jingine: kwa miongo mingi iliyofuata, wengi wa watoto hao walifariki wakiwa bado wadogo sana.

Njia ilipatikana Sendai, Japani. Daktari wa upasuaji Morio Kasai aliondoa mirija iliyoharibika, akauunganisha utumbo moja kwa moja na ini ili nyongo ipite. Alichapisha kazi yake mwaka 1959, kwa Kijapani. Kwa hiyo madaktari wengi wa Ulaya na Marekani hawakuisoma. Makala ya Kiingereza ilitoka 1968.

Basi tatizo likaisha? Wapi! Upasuaji wa Kasai unafanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60 hivi. Ukichelewa, makovu yanakuwa yameshatangulia. Na mtoto wa wiki tatu haonwi na bingwa wa upasuaji, anaonwa na nesi wa kliniki au daktari wa kawaida. Hao wasipojua cha kutafuta, ufundi wote wa Sendai haumsaidii.

Hapo ndipo mafunzo yanapoingia. Jijini London, katika hospitali ya King's College, daktari wa watoto Alex Mowat alijenga kitengo cha magonjwa ya ini ya watoto kuanzia miaka ya 1970, na mwaka 1979 akatoa kitabu kizima kuhusu magonjwa hayo. Mwaka 1985 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba hospitali zilizofanya upasuaji huu mara nyingi zilipata matokeo mazuri kuliko zile zilizofanya mara mojamoja. Mkono nao unahitaji mazoezi! Mwaka 1999 Uingereza ikaupeleka upasuaji huo kwenye vituo vitatu tu: London, Birmingham na Leeds.

Lakini somo muhimu kuliko yote ni rahisi, hata wewe unaweza kulibeba leo. Rangi ya choo inatokana na nyongo. Nyongo isipofika kwenye utumbo, choo kinakuwa cheupe au rangi ya udongo, na mkojo wa mtoto, ambao kwa kawaida karibu hauna rangi, unakuwa wa njano iliyokolea. Manjano yakizidi wiki mbili kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati, kinachohitajika ni kipimo cha damu kinachotenganisha aina mbili za bilirubini. Ile iliyokwishapita kwenye ini ikiwa juu, ni dharura, na hiyo jua la asubuhi haliitibu.

Taiwan walikwenda hatua moja mbele. Kuanzia 2004, kadi ya picha za rangi za choo iliwekwa nchi nzima kwenye kijitabu cha afya cha mtoto. Mama analinganisha nepi na picha, akiona rangi mbaya anapiga simu. Watoto waliofanyiwa upasuaji kabla ya siku 60 wakaongezeka.

Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari au uuguzi unayesoma hapa, ukiletewa mtoto wa manjano mwenye zaidi ya wiki mbili, usimwambie mama arudi mwezi ujao. Mwambie akuonyeshe nepi.