Tanga la Ziwani na Mpaka wa Upepo

Watu wengi huamini ya kuwa chombo kiendeshwacho na upepo hakiwezi kuupita upepo wenyewe, kama vile mtoto abebwaye mgongoni asivyoweza kumtangulia mama yake. Fikira hii yaonekana kuwa kweli mpaka ipimwe kwa mambo yenyewe. Nia ya insha hii ni kuipima kwa historia ya vyombo vya tanga katika ufuko wa kusini wa Ziwa Victoria, na kuonyesha ya kuwa elimu imwezeshayo nahodha kurudi bandarini upepo ukimpiga usoni, ndiyo hiyo hiyo iliyomwezesha mwanadamu kuuacha upepo nyuma.

Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, akayaona maji yasiyokuwa na ng'ambo. Alisema kuwa hapo ndipo chanzo cha mto Nili. Lakini hakuwa na chombo cha kumchukua mbele. Aliona pembe moja tu ya ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, kisha akarudi. Mwenzake, Richard Burton, alilikataa neno lake, na mabishano yao yalidumu miaka mingi. Wenyeji wa ufuko na visiwa walikuwa na mitumbwi yao, wakisafiri kwa makafi na kuyajua maji yao vizuri. Bali kilichompungukia mgeni kuthibitisha neno lake hakikuwa macho, kilikuwa ni chombo.

Chombo kilikuja mwaka 1875. Henry Stanley alifika Kageye, katika Ghuba ya Speke, mwezi wa Februari, na wapagazi wake wakiwa wameibeba vipande vipande kutoka Bagamoyo mashua iitwayo Lady Alice, yenye urefu wa futi 40. Tarehe 8 Machi ilitweka tanga, na kwa siku 57 ikalizunguka ziwa zima. Safari hiyo ndiyo iliyothibitisha kuwa ziwa ni moja. Ilionyesha pia jinsi msafiri alivyokuwa mikononi mwa upepo. Katika kisiwa cha Bumbire, mwezi wa Aprili, makasia ya mashua yalitwaliwa. Mabaharia wakang'oa mbao za sakafu ya chombo chao wakazitumia kupigia maji, hata wakajitoa hatarini. Mwisho wa mkasa huo haukuwa mwema, maana mwezi wa Agosti Stanley alirudi kisiwani kwa silaha na kumwaga damu ya watu wengi.

Katika miaka hiyo hiyo mfanyabiashara aitwaye Sungoro alikuwa akiunda jahazi huko Ukerewe, na wamisionari wa Kiingereza wakaleta mashua yao, Daisy. Mwaka 1878 Alexander Mackay alikuwa ndani yake dhoruba ilipoivunja katika ufuko wa magharibi. Aliikata katikati, akatumia mbao za tumbo kuziba matundu ya omo na ya tezi, akaunganisha ncha mbili, na baada ya majuma manane mashua fupi ikaelea tena. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Daisy iliundwa mara mbili.

Sasa na tuutazame upepo wenyewe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa huvuma kutoka bara kwenda ziwani. Mchana nchi hupata joto upesi, na hewa hugeuka ikavuma kutoka ziwani kwenda bara. Mvuvi wa tanga hutoka na upepo wa kwanza, akarudi na wa pili. Lakini si kila siku upepo hukubali miadi. Ukimjia usoni, nahodha hubisha: huenda mshazari upande mmoja, kisha mshazari upande wa pili, mpaka afike kule kule upepo utokako. Jambo hili, ambalo mabaharia wa pwani wamelifanya kwa karne nyingi, tayari lavunja mfano wa mtoto mgongoni. Maana ni mtoto gani abebwaye na mama yake akaenda upande ambao mama atoka?

Siri yake ni kwamba chombo hakiendeshwi na upepo peke yake. Tanga hushika hewa, mkuku hushika maji, na mwendo wa chombo huzaliwa katika tofauti ya viwili hivyo. Mbegu bichi ya tikiti ikibanwa kati ya vidole viwili huruka kwa kasi kuliko mwendo wa vidole vyenyewe. Kidole kimoja ni upepo, cha pili ni maji.

Chukua hesabu ndogo. Upepo wavuma kilomita 20 kwa saa. Chombo kikienda nao njia moja kwa kasi ya 20, tanga hulegea, kwa kuwa ndani ya chombo hakuna upepo tena. Hapo msemo wa watu wengi ni kweli. Lakini chombo hicho kikiukata upepo ubavuni kwa kasi ya 20, mabaharia huhisi upepo wa kilomita 28. Kikifika 30, huhisi 36. Kadiri kiendavyo ndivyo upepo wake uongezekavyo. Kinachokizuia si upepo kwisha, bali ni uzito wa maji yanayosukumwa na omo. Ndiyo sababu mashua pana ya Mwanza, iliyojaa samaki au ndizi, haiupiti upepo: elimu inayo, wepesi haina.

Wenye wepesi wamefanya. Mwaka 2012, katika ghuba ya Walvis Bay nchini Namibia, chombo kiitwacho Sailrocket 2 kilikwenda kilomita 121 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya upepo wake. Mwaka 2022, juu ya ziwa kavu la Australia, gari la tanga liitwalo Horonuku lilifika kilomita 222.

Likabaki swali gumu: je, yawezekana kuupita upepo kwa kufuata njia yake moja kwa moja, bila mshazari? Mmarekani Andrew Bauer aliunda gari la namna hiyo mwaka 1969, na mwaka 2010 gari la Rick Cavallaro, Blackbird, lilipimwa likienda mara 2.8 ya upepo uliotoka nyuma yake. Halina tanga, bali rafadha izungushwayo na magurudumu. Liendapo 30 katika upepo wa 20, gurudumu hukutana na ardhi kwa kasi ya 30, bali rafadha hukutana na hewa kwa kasi ya 10 tu. Basi nguvu ndogo ichukuliwayo chini kwa kasi kubwa hurudishwa juu kuwa nguvu kubwa kwa kasi ndogo, kama wenzo uinuavyo jiwe. Hata hivyo, mwaka 2021 profesa wa fizikia huko Marekani aliweka dau la dola 10,000 kuwa haiwezekani. Alishindwa, akalipa.

Meli ya mvuke William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, na reli ikafika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo tanga limehesabiwa kuwa chombo cha maskini, ingawa bado laonekana ziwani, na mvuvi mwenye mashini hutoa sehemu ya pato lake kununua petroli kila atokapo. Hatusemi mashini itupwe. Dhoruba haina huruma kwa mtu asiyekuwa nayo. Lakini ni kosa kudhani ya kuwa tanga liliachwa kwa sababu elimu yake ilikwisha. Umaskini wa mbao na nguo si umaskini wa maarifa. Profesa aliyepoteza dola zake angalimwuliza mzee abishaye katika Ghuba ya Speke, angalijibiwa ya kuwa upepo haumbebi mtu. Humpa nguvu, na njia huichagua mwenyewe. Wanafunzi wa hesabu na ufundi waliozaliwa katika ufuko huo wana mwalimu karibu. Na wamwendee angali hai.