Stoney ya Mlali Haipatikani London

Ukiagiza soda dukani Mlali, wilayani Kongwa, ukishataja jina lake lazima uulizwe: ya baridi au ya moto? Kwa Stoney Tangawizi swali hilo si la kupuuza. Wapo wanaoitaka ya moto kwa makusudi, hasa mwenye mafua, au abiria aliyeshuka kwenye basi tumbo likiwa limemchafuka. Inawasha ulimi, inapanda puani, kisha inamtoa mtu mbweu wa nguvu na watu wanacheka. Katika ukanda huu mkavu wa kati, ambako mvua huja msimu mmoja tu na vumbi hushinda kooni kwa miezi, soda inayowasha ina wapenzi wake waaminifu.

Wapenzi hao wakihamia ughaibuni ndipo shida huanza. London, Minneapolis, Muscat, kote huko Coca-Cola ipo kila kona. Fanta ipo, Sprite ipo. Stoney, ambayo ni mali ya kampuni hiyohiyo, haionekani. Mtu huanza kwa kuuliza kwenye maduka makubwa, akahamia maduka ya Wanigeria na Wasomali, halafu kwenye kikundi cha WhatsApp cha Watanzania wa mji ule, ambako ujumbe wa aina moja hurudi kila mwaka: nani yuko nyumbani sasa hivi, na begi lake lina nafasi?

Jibu la kwa nini soda hiyo haisafiri limeanzia Chattanooga, Tennessee, mwaka 1899. Mawakili wawili, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimwendea Asa Candler, mwenye Coca-Cola wakati huo, wakaomba haki ya kuijaza kwenye chupa. Candler aliamini kwamba soda ni ya kunywewa kwenye kaunta ya duka la dawa, kwa hiyo akawapa haki hiyo karibu Marekani nzima kwa bei ya dola 1. Nao wakaigawa nchi vipande vipande, kila kipande na kiwanda chake. Mpango huo ndio unaoendesha biashara ya soda mpaka leo: kampuni mama inauza kiini, kiwanda cha eneo kinaongeza maji, sukari na gesi, kinajaza na kusambaza ndani ya mipaka yake. Kuuza kwenye eneo la mwenzako ni kuvunja mkataba.

Tanzania yenyewe imegawanywa hivyo. Coca-Cola Kwanza ina makao yake Dar es Salaam, Bonite iko Moshi, Nyanza Bottling iko Mwanza. Ikiwa hata Moshi na Dar zina mipaka baina yao, kiwanda cha Tanzania hakiwezi kupeleka makontena ya Stoney Uingereza kwa sababu tu Watanzania wa huko wana hamu nayo. Mwenye eneo la Uingereza angetakiwa kuamua kuitengeneza mwenyewe, na hesabu zake hazimwambii afanye hivyo.

Kichekesho ni kwamba kinywaji hiki asili yake ni huko huko Uingereza.

Tangawizi yenyewe ni ya Asia, na ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi zamani sana kabla ya chupa yoyote ya soda. Lakini kuichachusha na sukari, limau na maji hadi itoe povu ni kazi ya Waingereza wa karne ya 18, waliopata sukari na tangawizi kutoka makoloni yao ya Karibi. Waliiweka kwenye chupa nzito za udongo mgumu uliochomwa, zilizoweza kuhimili gesi, na vizibo vyake vilifungwa kwa kamba au waya. Wachuuzi waliiuza mitaani kama kahawa inavyouzwa Kariakoo. Kilichofanya kazi ya hamira kilikuwa bonge la ute ambalo watu walipeana jirani kwa jirani bila kujua ni nini, mpaka mtaalamu wa mimea Harry Marshall Ward alipolichunguza na kuandika mwaka 1892 kwamba ni hamira na bakteria wanaoishi pamoja.

Chupa ya kinywaji hicho ndiyo iliyozaa kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi ameikariri. Agosti 1928, katika mgahawa wa mji wa Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa chupa ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi kisichoonyesha kilichomo. Alipokuwa ameshakunywa nusu, kwenye masalio, alidai, akatoka konokono aliyeoza. Mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji hata kama hawakuuziana ana kwa ana. Kama konokono alikuwemo kweli, haikuwahi kuthibitishwa.

Waingereza walipokwenda Afrika Kusini walikwenda na mapishi yao, na wenyeji wakayafanya yao kabisa. Huko tangawizi ya kuchachusha nyumbani huitwa gemere au gemmer. Hutengenezwa kwa ndoo, ikiwekwa zabibu kavu na hamira, na haikosekani kwenye harusi, msibani na Krismasi, pamoja na biskuti. Soko lilikuwa limeshaandaliwa na mama wa nyumbani, na Coca-Cola ilipoingiza Stoney nchini humo mwaka 1971, ilichofanya ni kuweka kwenye chupa ladha ambayo watu walishaijua utotoni.

Hapa Kongwa inaingia kwa namna ambayo haikutarajiwa, kwa sababu kuna wakati wilaya hii ilikuwa ughaibuni kwa watu wengine. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walijazana hapa kwa mradi wa karanga, ule uliomeza mamilioni ya pauni na kuacha mashamba ya vichaka na matrekta mabovu. Kisha mwaka 1964 ikafunguliwa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO, SWAPO, ZAPU, MPLA na ANC ya Afrika Kusini. Chris Hani alikaa hapa, Samora Machel pia. Vijana wa ANC walikuwa wametoka katika nchi ya gemere, na wakati huo Tanzania haikuwa na biashara na serikali ya makaburu. Dukani Kongwa wasingeweza kuipata soda ya kwao. Hata Stoney yenyewe ilikuwa bado miaka saba kuzaliwa.

Baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1986, shinikizo dhidi ya ubaguzi wa rangi lilipozidi, Coca-Cola ilitangaza kuuza mali zake Afrika Kusini, na kiwanda cha kiini kikahamishiwa Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini. Mpaka sasa kiini cha soda zinazonywewa katika nchi nyingi za Afrika hutoka kwenye kanchi hako kadogo. Stoney nayo ikasambaa kusini na mashariki mwa bara, na huku kwetu ikaongezewa Tangawizi kwenye jina, hadi wengi wakaamini ni ya Afrika Mashariki tangu mwanzo.

Anayeisaka ughaibuni, basi, hukutana na ndugu zake wa mbali. Marekani ataelekezwa kwanza kwenye Canada Dry, iliyoanza Toronto mwaka 1904, ambayo kwa koo la Mtanzania ni maji ya sukari yaliyopita karibu na tangawizi. Iliyo kali zaidi ataikuta pengine kwenye rafu za pombe, kwa sababu tangu miaka ya 1940 Wamarekani wanaichanganya na vodka na ndimu kwenye kinywaji kiitwacho Moscow Mule. Mlokole au Mwislamu anayesukuma kitoroli chake katikati ya chupa za vodka kutafuta soda ya utotoni ana kazi ya kujieleza akikutana na mtu anayemfahamu. Tena soda nyingi za huko zimetiwa sukari ya mahindi badala ya ya miwa, na mdomo hulijua hilo haraka.

Uingereza kuna Fentimans, ya tangu 1905, na Old Jamaica ambayo Wajamaika huiamini. Zinawasha vizuri. Lakini Aprili 2018 serikali iliweka ushuru kwa soda yenye sukari kuanzia gramu 5 katika mililita 100, na viwanda vingi vikapunguza sukari na kutia vitamu vingine. Afrika Kusini nayo iliweka kodi ya sukari mwezi huohuo. Kwa hiyo hata anayebahatika kuingia duka la Waafrika Kusini na kukuta makopo ya Stoney, bila neno Tangawizi, huonja na kutikisa kichwa. Ni Stoney, ila ni ya watu wengine.

Muscat hali ni nyepesi kidogo. Wazanzibari wa huko wameshapata mbadala wa pamoja na majirani zao, Vimto, ambayo John Noel Nichols aliitengeneza Manchester mwaka 1908 na ambayo imeuzwa Ghuba tangu miaka ya 1920. Leo futari bila jagi la Vimto ni nadra. Waingereza wengine, kwa upande wao, hutafuta London ile Vimto iliyotengenezwa Uarabuni, wakisema ya kwao imekuwa nyepesi.

Katika msako wote huu, kinywaji kingine cha nyumbani kimevuka bila kutafutwa. Mibuyu imejaa Dodoma, na unga wa ubuyu uliokorogwa kwenye maji na sukari ni kinywaji cha Mgogo tangu enzi. Zamani Ulaya haikuuruhusu, kwa kuwa sheria ya mwaka 1997 ilidai kila chakula kisicho na historia ya kuliwa huko kipimwe kwanza. Baada ya maombi ya shirika la PhytoTrade Africa, Kamisheni ya Ulaya iliukubali ubuyu Juni 2008, na Marekani ikafuata 2009. Leo unauzwa kwenye maduka ya vyakula vya afya kwa bei ambayo ingemshangaza mama anayeupima kwa kopo sokoni Kibaigwa. Kwa mtu wa Mlali aliyeko Berlin, kupata ubuyu ni rahisi kuliko kupata Stoney.

Waliochoka kuomba nafasi kwenye mabegi ya watu, hasa kwa vile tangu 2006 kioevu kinachozidi mililita 100 hakiruhusiwi mkononi kwenye ndege nyingi, wamerudia njia ya kale. Tangawizi mbichi inakwaruzwa kwa wingi, inachemshwa na sukari, inakamuliwa limau, inachujwa. Mwenye haraka anaongeza maji ya gesi ya dukani na kunywa siku hiyohiyo. Mwenye subira anatia chembe za hamira, anafunga na kuacha siku moja au mbili kabla ya kuweka kwenye friji. Huyu wa pili inampasa kutumia chupa ya plastiki, aache nafasi juu, na aibonyeze kila baada ya saa chache: ikishakuwa ngumu kama jiwe, gesi imetosha, na chupa ya kioo ingekuwa imeshapasukia kabatini.